Jengo jekundu la Ikebukuro liliuawa na nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwezi wa nne naenda Tokyo kwa masomo ya miaka miwili. Nimekulia kwenye mabanda ya PS hapa Tanga, nikipigana Tekken 3 mpaka mama anakuja kunitoa na mwiko mkononi, na siku zote nimetamani kuliona lile jengo jekundu la gemu la Sega kule Ikebukuro. Sasa nimeona video ya mwaka 2021 linafungwa, watu wamefurika barabarani, wengine wanalia. Rafiki yangu anasema simu na korona ndivyo vilivyoliua, Sega wakakimbia, na Japani hakuna tena kumbi za gemu za maana. Anasema pia zamani Space Invaders ilimaliza sarafu nchi nzima. Ni kweli? Na je, nikimaliza masomo nikanunua mashine moja ya zamani nikaja nayo nyumbani, itafanya kazi? Nataka niiweke barazani iniingizie chochote.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nafasi ya masomo. Nikikusoma vizuri, unaogopa kufika matanga yakiwa yameshaanuliwa. Hujachelewa kiasi hicho. Ila rafiki yako amechukua mambo yenye chembe za ukweli, akayatia chungu kimoja na kuyakoroga, kwa hiyo itabidi tuyachambue taratibu.

Jengo kwanza. Ikebukuro GiGO lilifunguliwa na Sega mwaka 1993 kwenye mtaa wa Sunshine 60, ule wenye msongamano wa vijana unaoanzia karibu na lango la mashariki la kituo cha treni. Lilifungwa tarehe 20 Septemba 2021, likiwa na miaka 28. Watu walikuwa bado wanaingia. Kilichokwisha ni mkataba wa pango. Sisi tunaojua jinsi mwenye fremu anavyoweza kukuita asubuhi na karatasi mkononi, duka lako likiwa limejaa wateja, hilo halitutoi macho. Japani ipo hata mikataba ya muda maalumu ambayo siku iliyoandikwa ikifika mpangaji hana haki ya kudai kuongezewa.

Na siku ile unayoiona kwenye video, Sega alikuwa ameshauza. Desemba 2020 kampuni mama, Sega Sammy, iliiuzia kampuni ya GENDA asilimia 85.1 ya hisa za kampuni yake ya kumbi za gemu, na Januari 2022 ikamalizia asilimia 14.9 iliyobaki. Ndipo mabango ya Sega yakaanza kushushwa nchi nzima na kuandikwa GiGO. Hapo korona ina sehemu yake na rafiki yako hajakosea: Aprili 2020 Tokyo iliwekwa chini ya hali ya dharura, kumbi zikafunga milango, na biashara inayokula sarafu mbichi kila siku haiwezi kukaa miezi bila kula. Jengo la pili la Sega kule Akihabara, mtaa mwingine wa Tokyo, lilifungwa Agosti 30 ya mwaka huohuo, baada ya miaka 17. Kwa hiyo sema korona ilimsukuma Sega auze. Usiseme ndiyo iliyoua kumbi, maana ugonjwa wenyewe ulianza zamani sana.

Kwa hesabu za polisi wa Japani, ambao ndio wanaosimamia leseni hizi, mwaka 1986 kulikuwa na kumbi za gemu zaidi ya 26,000. Mwaka 2019, kabla hata korona haijasikika, zilikuwa zimebaki kama 4,000. Na simu? iPhone iliingia Japani mwaka 2008, wakati kumbi zikiwa zimeshaporomoka kwa miaka zaidi ya ishirini. Simu ilimkuta mgonjwa kitandani.

Basi ugonjwa ni nini? Mimi niliishi Tokyo miaka kumi na moja, mingi kati yake nikiwa na bisibisi mkononi kwenye karakana ya kutengeneza makabati ya gemu, yaani zile mashine ndefu zenye skrini na vitufe, na jibu langu lina kipenyo cha milimita 22.6 na uzito wa gramu 4.8. Ni sarafu ya yen 100, ile yenye maua ya mcheri upande mmoja. Ukifungua mlango mdogo wa chini wa kabati unakuta njia nyembamba inayoipima sarafu ikidondoka, kisha kisanduku cha kuipokea. Kila kitu ndani ya kabati kimefanywa kwa ajili ya sarafu hiyo moja. Space Invaders ya kampuni ya Taito, mwaka 1978, ilicheza kwa yen 100. Ukienda leo ukaweka sarafu kwenye gemu nyingi, ni yen 100 ileile. Tafuta kitu kingine chochote ambacho bei yake haijasogea tangu mama yako yuko shule ya msingi.

Halafu ikaja kodi. Mwaka 1989 Japani ilianzisha kodi ya matumizi ya asilimia 3. Ikapanda hadi 5 mwaka 1997, 8 mwaka 2014, na 10 Oktoba 2019. Muuza tambi anabadilisha kibao ukutani, bei inapanda kwa yen kumi na tano, maisha yanaendelea. Mwenye ukumbi wa gemu atafanyaje? Mashine yake haijui yen 110. Sarafu inayofuata baada ya 100 ni 500, na hakuna atakayeruka kutoka moja hadi tano kwa gemu aliyoizoea. Kwa hiyo kodi anailipa mwenyewe kutoka ndani ya ile mia: zilizobaki ni yen 91 hivi. Pango limepanda, umeme umepanda, mshahara wa vijana wa kufagia umepanda, mia imebaki mia na inazidi kuliwa.

Juu ya hapo, kuanzia miaka ya 2000 gemu kubwa za kumbi ziliunganishwa na mtandao wa watengenezaji. Mchezaji ana kadi inayotunza rekodi yake, jambo zuri, lakini kwa gemu nyingi mtengenezaji naye anakata chake kila sarafu inapoingia. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye mashine yako ya barazani.

Kuhusu sarafu kuisha nchini: hiyo hadithi imezunguka dunia nzima, na mimi mwenyewe niliwahi kuisimulia kwa madaha mbele za watu kabla sijaona aibu. Homa ilikuwa ya kweli. Mwaka 1978 na 1979 mikahawa ya kahawa ilitoa meza za kawaida ikaweka meza zenye skrini ndani, na zikafunguliwa nyumba zisizo na kitu kingine isipokuwa mashine za Space Invaders, watu wakiziita nyumba za inveda. Sarafu nyingi zililala ndani ya mashine mpaka mwenye mashine aje kuzikusanya. Lakini kama nchi ingekuwa imeishiwa, kiwanda cha sarafu kingefyatua zaidi. Rekodi zake zinaonyesha kinyume: sarafu za yen 100 zilizotengenezwa mwaka 1978 na mwaka 1979 ni chache kuliko za mwaka 1977. Hadithi tamu, hesabu inaikataa.

Homa ile iliacha jambo jingine ambalo watu hawalisimulii. Wazazi na walimu waliogopa. Kumbi zilikuwa na giza, moshi wa sigara umetanda, watoto wanaiba hela za nyumbani. Sheria ya biashara za burudani ikarekebishwa, na tangu Februari 1985 kumbi za gemu zikawekwa chini yake, kwenye kapu moja na pachinko, ule mchezo wa bahati nasibu wa vigololi: leseni kutoka polisi, kufunga usiku wa manane, watoto kutoka saa za jioni. Kumbi nyingi ndogo za uchochoroni hazikuweza kubeba masharti hayo. Waliobaki, Sega akiwa mbele, walijisafisha: taa nyingi, sakafu inayong'aa, vyoo vya kina dada vinavyopendeza. Jengo jekundu la Ikebukuro ni mtoto wa usafi huo. Lilijengewa jina la kumvuta hata asiyecheza gemu, msichana na mchumba wake Jumapili mchana. Kwa hiyo ukiniuliza, lile jengo unalolililia lilizaliwa kwa sababu kumbi nyingine zilikuwa zimeanza kufa.

Sasa kuhusu wewe na Tekken. Unajua kwamba ile gemu haikuanzia kwenye PS? Kampuni ya Namco waliitoa kwanza kwenye kumbi, mwaka 1994, kwa bodi (ule ubao wa umeme unaobeba gemu ndani ya kabati) iliyotengenezwa kwa vyombo vya PlayStation yenyewe, ndiyo maana ilihamia nyumbani kirahisi. Tekken 3 vilevile, ukumbini mwaka 1997, nyumbani mwaka uliofuata. Ulipokuwa unapigwa na jirani yako Tanga ulikuwa unacheza mabaki ya Ikebukuro bila kujua.

Ila namna ya kucheza si moja. Kwenye banda la PS mnakaa bega kwa bega, mnasukumana, mnatukanana kidogo, anayepigwa anatoka. Kule, baada ya Street Fighter II kuja mwaka 1991, makabati mawili yaliwekwa migongo ikigusana, bodi moja ikagawiwa nyaya ilishe yote mawili. Mpinzani wako yuko upande wa pili wa ukuta. Humuoni. Unaona tu mtu ameweka sarafu na skrini yako imebadilika: mgeni amekuja kukupiga. Mkimaliza mnaweza kuachana bila kuonana sura, ukamjua mtu miaka mitatu kwa namna anavyorusha ngumi zake tu. Virtua Fighter ya Sega ilipotoka mwaka 1993, mabingwa waliitwa kwa mtaa wanaochezea na mhusika wanayemtumia, kama Shinjuku Jacky, au Ikebukuro Sarah. Kumbi nyingine ziliweka daftari la shule mezani, limefungwa kamba, wachezaji wanaandikiana humo: mbinu mpya, majigambo, picha za kuchora, salamu kwa yule aliyekupiga jana. Niliwahi kutumwa kutengeneza kijiti cha kuchezea kilicholegea nikakuta daftari la namna hiyo limejaa kurasa zote hadi ndani ya jalada. Nilichelewa kurudi karakanani siku ile.

Tatizo ni kwamba uzuri huo haulipi. Fikiria mwenyewe. Mtu akiwa fundi wa gemu ya kupiga ndege za vita, mia yake moja inamweka kitini nusu saa na zaidi. Bingwa wa ngumi hakamuliwi senti mpaka atokee wa kumshinda. Kadiri wateja wako wanavyokuwa hodari ndivyo kisanduku kinavyokuwa chepesi. Linganisha na UFO Catcher, mashine ya makucha ya kunyakulia midoli ambayo Sega aliitoa mwaka 1985: sekunde kumi na tano, kucha limeshuka, limegusa sikio la mdoli, limerudi mikono mitupu, na mteja ana sarafu nyingine tayari vidoleni. Hakuna bingwa wa kuikalia. Zawadi zenyewe zina ukomo unaosimamiwa na polisi, thamani ya yen 800 hivi kwa miaka mingi, ikapandishwa hadi kama 1,000 mwaka 2022. Ikaja mashine ya picha za kubandika, Print Club, mwaka 1995, mabinti wakajaa. Zikaja gemu za muziki, beatmania mwaka 1997 na Dance Dance Revolution mwaka 1998, ambazo angalau wimbo ukiisha umeisha. Mwenye ukumbi hana roho mbaya. Anatazama visanduku jioni anajua kipi kinalipa pango, kisha kabati la ngumi linapanda ghorofa moja juu, mwaka unaofuata nyingine, hadi siku moja linateremshwa kwa lifti ya mizigo kwenda kuuzwa.

Nakwambia haya usije ukashangaa. GiGO imerudi Ikebukuro: tarehe 20 Septemba 2023, miaka miwili kamili baada ya kufunga, walifungua jengo jipya kwenye mtaa uleule wa Sunshine 60 na kuliita duka lao kuu. Ni zuri, lina watu tele. Jirani yake wanauza taiyaki, vile vikeki vya umbo la samaki vyenye maharage matamu ndani, na vinaliwa vikiwa vya moto. Lakini ukiingia ukitarajia safu za makabati ya ngumi utaona kwanza makucha, kisha makucha, kisha makucha.

Kama nafasi yako ni ya jioni moja tu, nakushauri uende Ikebukuro kupiga picha, kisha upande treni ya Yamanote vituo viwili tu, ushuke Takadanobaba. Hapo kuna Mikado, ukumbi wa ghorofa mbili unaoishi kwa gemu za zamani na mashindano yanayorushwa mtandaoni. Ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na unachokitafuta. Chaguo la pili ni HEY ya Taito kule Akihabara, nzuri kwa gemu za kupiga ndege na za ngumi, ila imezoea watalii. Angalia siku yenyewe kama wamefungua, kwa sababu katika biashara hii nisingemwekea mtu dhamana ya mwezi mmoja mbele. Usihangaike na chenji: kila ukumbi una mashine ya kuvunja noti, ya yen 1,000 inakupa sarafu kumi. Na moshi umepungua sana, tangu Aprili 2020 sheria imezuia kuvuta ndani isipokuwa kwenye chumba maalumu.

Jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini najua litakujia ukishuka na njaa ya hela. Mwanafunzi wa kigeni akipewa kibali anaweza kufanya kibarua hadi saa 28 kwa wiki, ila si ndani ya biashara zilizo chini ya ile sheria ya 1985, na ukumbi wa gemu wenye leseni hiyo umo. Hata kufagia, hata kujaza midoli. Nimeona kijana mwenye akili nzuri akiharibu viza yake kwa kudhani ni kazi isiyo na madhara. Kabla hujakubali kibarua chochote, peleka tangazo la kazi kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako wakusomee. Usimtegemee rafiki, usinitegemee mimi.

Tuje kwenye mashine. Inawezekana, na kwa fundi ni furaha, lakini kama biashara ya barazani sina matumaini makubwa nayo. Banda lenye PS nne linakulipa kwa mechi au kwa saa, ukiharibikiwa pedi unanunua nyingine sokoni. Kabati moja la Kijapani likizimika, kipuri chake kiko Japani. Na umeshaona hapo juu jinsi lilivyowatesa wenyewe kwao. Kama unalitaka kwa mapenzi, sikiliza masharti yangu.

Chukua kabati la zamani linalotumia nyaya za mpango wa JAMMA, uliowekwa katikati ya miaka ya 1980 ili bodi ya kampuni moja iingie kwenye kabati la kampuni nyingine. Astro City ya Sega, ya mwaka 1993, ni mfano mzuri: bodi unaichomoa na kuchomeka kama kaseti. Achana na mashine mpya za mtandao hata ukipewa bure, kwa sababu nyingi zisipoiona seva ya mtengenezaji haziwaki kabisa. Utakuwa na kabati la nguo. Ukienda kukagua, pitisha kidole kwenye ukingo wa ubao wa vitufe. Utakuta vialama vya rangi ya kahawia, kama vimechomwa. Ni sigara zilizoegeshwa hapo na watu waliokuwa katikati ya pambano. Hizo hazidhuru. Kinachodhuru ni skrini iliyochoka: iwashe, ikae nusu saa, utazame kama picha inatetemeka au rangi moja imefifia.

Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja na harufu, basi. Tafuta transfoma ya kushusha hadi 100 hasa. Zile zinazouzwa madukani kwa vifaa vya Marekani nyingi zinatoa 110 au zaidi, na bodi za zamani hazipendi kusukumwa. Chukua isiyopungua wati 500 ili isichemke.

Halafu ipo skrini yenyewe. Ni ya chogo, kama TV za zamani, na ndani ya chogo lile kunakaa umeme wa maelfu ya volti, kwa kioo cha inchi 29 unafika elfu ishirini na kitu, unaoweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usifungue mgongo mwenyewe kwa kufuata video, hata kama mikono yako ni myepesi kwenye simu na pedi. Tanga bado wapo mafundi wazee waliotengeneza TV za chogo miaka thelathini. Mtafute mmoja, mwambie ni TV kubwa isiyo na rimoti, atajua pa kuanzia kutoa umeme uliolala. Mlipe vizuri, na kaa pembeni utazame.

Ukishaipata, kabla hujaisafirisha, piga picha ya kile kibati cha mgongoni chenye namba ya modeli na volti, unitumie.